Jinsi ya kupunguza gharama ya kutafsiri anwani za memori kwenye keneli ya Linux (x86-64)

Nianze na kosa langu mwenyewe ili usilirudie. Nilikuwa na moduli yangu ya keneli (ile sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi), kazi yake kupokea pakiti kutoka kwenye kadi ya mtandao na kuzichakata, sasa ikawa inaenda polepole kinoma, na mimi kichwani nikajua tu tatizo ni kile kifanksheni changu cha kugeuza anwani pepe (ile programu inayoiona) kuwa anwani halisi (ile ya kwenye RAM), nikakaa nacho wiki mbili nanyoa amri moja baada ya nyingine. Nilichopata ni kaunafuu ambako huwezi hata kukaona kwenye kipimo. Ndo nikapima moduli nzima, kitu nilichotakiwa kufanya siku ya kwanza, kumbe kila bafa (kipande cha memori cha kuwekea pakiti) ikimaliza kazi naita vunmap() ya kuiondoa kwenye majedwali ya anwani, alafu hapo hapo naita vm_unmap_aliases() kwa kujiona mwangalifu, na hiyo ya pili inalazimisha koa (cores) zote 16 za prosesa zifute TLB zao, yaani kidaftari cha kukumbuka tafsiri za anwani. Yaani kwa bafa moja tu, koa 15 zinagongewa mlango ziache kazi zao. Kifanksheni changu masikini hakikuwa na kosa lolote.

Kwahiyo mpangilio wa hii makala unafuata pale nilipokosea: kwanza pima, alafu punguza idadi ya tafsiri zinazofanyika, alafu punguza kufuta, na mwisho kabisa ndo uguse msimbo wa tafsiri yenyewe.

Tuelewane kwanza prosesa inafanya nini. Chukua anwani pepe 0x7f3a12c45678. Kwenye x86-64 ya kawaida zinatumika biti 48, na prosesa inazikata vipande vitano: biti 9 mara nne, alafu biti 12 za mwisho. Hii yetu ukiikata unapata 254, 232, 150, 69 na mwisho 1656. Sasa fikiria unamtafuta mtu kwa mara ya kwanza na hujui kwake, unaanza na mkoa, unaenda wilaya, unashuka kata, unafika mtaa, ndo unauliza nyumba. Ndo hivyo hivyo. Rejista ya CR3 inakuonyesha jedwali la juu lilipo, unasoma mstari wa 254 unakupa jedwali linalofuata, humo unasoma wa 232, alafu 150, alafu 69, hapo ndo unapata peji yenyewe ya baiti 4096, na 1656 ni nafasi ndani ya hiyo peji. Kila jedwali lina mistari 512, kila mstari baiti 8, ndo maana jedwali moja linaenea kwenye peji moja kamili bila kubaki hata baiti.

Kwahiyo kusoma namba moja tu kwenye memori kunaweza kuzaa usomaji mwingine mara nne kabla hujaigusa. Ingekuwa hivyo kila mara kompyuta zingetambaa, ndo maana kuna TLB, ambayo ni kama yule bodaboda wa kijiweni aliyekwisha kupeleka watu kwa huyo jamaa, humtajii mkoa wala kata, unamwambia jina tu na safari imeanza. Shida ya huyu boda ni kwamba anakumbuka nyumba chache. Kwenye Skylake za Intel kwa mfano, TLB ya kwanza ya data ina nafasi 64 za peji ndogo, na ya pili ina nafasi 1536. Piga hesabu: 1536 mara KiB 4 ni MiB 6 tu. Programu yako ikirandaranda kwenye databesi ya GiB 20, boda anasahau kila saa na mnarudi kuuliza mkoa.

Haya, pima. Huhitaji kitu cha ajabu, perf, zana ya vipimo ya Linux, inatosha:

perf stat -e cycles,dTLB-loads,dTLB-load-misses ./programu

Ila hiyo idadi ya kukosa peke yake inadanganya, manake kukosa kumoja kunaweza kuisha haraka kama majedwali yamo kwenye kache (memori ndogo ya kasi ya prosesa), na kwingine kukaenda mpaka kwenye RAM na kula mamia ya mizunguko. Kinachokuambia ukweli ni muda. Kwenye Intel kuanzia Skylake kuna kihesabio cha dtlb_load_misses.walk_active, hiki kinahesabu mizunguko ambayo prosesa ilikuwa na safari ya majedwali inayoendelea. Kigawe kwa cycles. Mimi ikiwa chini ya asilimia 3 naachana nayo natafuta tatizo kwingine, ikipita 10 nakunja mikono ya shati. Huo ni utaratibu wangu tu, sio sheria.

Alafu pima upande wa kufuta, huu watu wengi wanausahau:

grep TLB /proc/interrupts

Soma mara mbili kwa kuacha sekunde kumi katikati, angalia namba za kila koa zimepanda kiasi gani. Kama unataka kujua sababu ya kila kufuta, keneli ina kituo chake cha ufuatiliaji kinaitwa tlb:tlb_flush, unaweza kukisoma kwa perf vile vile, na kinakuambia kama ni kwasababu ya kubadilisha kazi kwenye koa au ni koa nyingine imeomba. Kwenye moduli yangu ile namba za /proc/interrupts zilikuwa zinakimbia kama mita ya teksi.

Sasa dawa ya kwanza, peji kubwa. Rudi kwenye mfano wa anwani yetu. Mstari wa 150 kwenye jedwali la tatu badala ya kuonyesha jedwali lingine, unaweza kuwekewa biti inayosema "safari imeishia hapa, kata nzima ni ya mwenye nyumba mmoja". Basi zile biti 9 za mtaa zinaungana na biti 12 za mwisho, unapata biti 21 za nafasi ndani ya peji, na peji yenyewe inakuwa MiB 2. Nafasi yetu inageuka kutoka 1656 kuwa 284280 na hatua moja ya safari imekufa. Ukiishia ngazi ya pili peji inakuwa GiB 1.

Faida yenyewe haiko kwenye hatua moja iliyopungua. Faida ni kwamba zile nafasi 1536 ambazo zilikuwa zinafunika MiB 6 sasa zinafunika GiB 3. Na kuna kitu kingine hakisemwi sana: kuichora GiB 1 (yaani kuiwekea tafsiri kwenye majedwali) kwa peji ndogo unahitaji mistari 262144, ambayo ni MiB 2 za majedwali ya ngazi ya chini peke yake, na hayo majedwali yanagombania kache na data yako. Kwa peji za MiB 2 ni mistari 512, jedwali moja, KiB 4. Kwahiyo hata boda akisahau, kuuliza upya kunakuwa rahisi manake jedwali lote limelala kwenye kache.

Njia rahisi ya kuzipata ni ile ya keneli kujipangia yenyewe, ipo tangu Linux 2.6.38 ya 2011. Angalia /sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled, utakuta always, madvise au never. Mimi napenda madvise. Hapo programu inayotaka ndo inaomba kwa madvise() na MADV_HUGEPAGE, na hakikisha eneo lako limeanza kwenye anwani inayogawanyika kwa MiB 2 la sivyo kingo za mwanzo na mwisho zitabaki na peji ndogo. Alafu usiamini tu kwamba umepewa, fungua /proc/PID/smaps tafuta AnonHugePages kwenye hilo eneo, kama ni 0 basi umeomba na hukupewa.

Kwanini sio always kwa wote? Muulize mtu aliyewahi kuendesha Redis, ile databesi inayoweka data kwenye RAM. Redis ikitaka kuhifadhi data kwenye diski inajigawa kwa fork, mzazi na mtoto wanashiriki peji zile zile mpaka mmoja aandike, sasa peji ikiwa ya MiB 2 na mtu akabadilisha baiti kumi tu, keneli za kabla ya Linux 5.8 zilikuwa zinanakili MiB 2 nzima. Ndo maana maelekezo yao wenyewe yanashauri uizime. Kwahiyo pima kabla na baada, usiwashe kwasababu mtu kakwambia peji kubwa ni tamu.

Kama unataka uhakika, tenga mapema:

echo 512 > /proc/sys/vm/nr_hugepages

Hiyo ni GiB 1 ya peji za MiB 2. Lakini fanya hivyo mashine ikiwa imewaka muda mfupi, manake ikishakaa wiki kadhaa memori inakuwa imekatikakatika kama shamba la urithi, unaomba 512 unapewa 190, na keneli haikupigii kelele, inabidi mwenyewe uangalie HugePages_Total kwenye /proc/meminfo. Za GiB 1 ndo usijisumbue kuziomba baadaye, ziweke kwenye laini ya kuwashia keneli, hugepagesz=1G hugepages=4, basi.

Ukiwa hapo hapo kwenye /proc/meminfo angalia mistari ya DirectMap4k, DirectMap2M na DirectMap1G. Hii ni ramani ya keneli yenyewe, ile inayochora RAM yote kwa mpigo. Ukikuta DirectMap4k ni kubwa sana kuna mtu anaivunja, mara nyingi ni msimbo unaobadilisha ruhusa za vipande vidogo kwa zile fanksheni za set_memory_, kila ukigusa KiB 4 ndani ya peji ya MiB 2 lazima ile kubwa ipasuliwe vipande 512. Au umeacha debug_pagealloc imewashwa kwenye seva ya kazi, nimeshaiona hiyo, mtu analalamika wiki nzima kumbe debagi haikuzimwa.

Tuje kwenye kufuta, hapa ndo pesa nyingi zinapotelea. TLB haijui kwamba umebadilisha jedwali. Ukiondoa peji kwenye jedwali, yule boda bado anakumbuka njia ya zamani na atampeleka mteja kwenye nyumba iliyokwisha kuuzwa kwa mtu mwingine. Kwahiyo kuna utaratibu ambao hauchezewi: futa mstari kwenye jedwali, alafu futa TLB ya koa zote zinazohusika, alafu ndo urudishe peji kwa mgawaji memori. Ukigeuza mbili za mwisho utapata bagi ambayo inatokea mara moja kwa wiki, kwenye mashine moja, usiku, na data inayoharibika ni ya programu isiyokuhusu kabisa.

Lakini ndani ya utaratibu huo kuna sehemu nyingi za kubana matumizi. Kwanza kuna mabadiliko ambayo hayahitaji kufuta chochote. Kwenye x86 mstari uliokuwa mtupu ukiujaza hufuti, kwasababu prosesa haihifadhi tafsiri za mistari mitupu. Ukiongeza ruhusa, tuseme kutoka kusoma tu kwenda kusoma na kuandika, kibaya zaidi koa nyingine itapata hitilafu moja ya uongo, keneli itaangalia jedwali iione ruhusa ipo na kazi itaendelea. Unapopunguza ruhusa au kuondoa peji, hapo ndo lazima.

Pili, kusanya. Usifute kila peji peke yake, ondoa zote unazotaka kuondoa alafu futa mara moja, ndo kazi ya mmu_gather kwenye keneli, na ndo maana vunmap() haifuti papo hapo, inaziweka pembeni mpaka zifike kiasi fulani ndo inazisafisha kwa mpigo. Mimi kwa ujuaji wangu nikawa naita vm_unmap_aliases() kila mara, yaani keneli imejipangia kubeba takataka mara moja jioni mimi naita gari kwa kila ganda la ndizi.

Tatu, kuna swali la kufuta peji moja moja kwa amri ya invlpg au kufuta zote. Moja moja inaacha kumbukumbu nyingine zikiwa salama ila zikiwa nyingi inakula muda. Linux imeweka mpaka kwenye 33, peji zikizidi hapo inafuta zote. Unaweza kuubadilisha kupitia /sys/kernel/debug/x86/tlb_single_page_flush_ceiling, ila sijawahi kukutana na kazi ambayo kuigusa hiyo namba kulinipa kitu cha kujisifia.

Kuna na hizi gharama za kubadilisha kazi kwenye koa. Zamani kila ukiandika CR3 mpya, TLB inafutika isipokuwa zile za keneli zilizowekewa alama ya kudumu. PCID ndo ilikuja kutibu hilo, biti 12 zinazoandikwa pamoja na kila tafsiri, boda anaandika kwenye daftari jina la mteja pembeni ya kila nyumba kwahiyo akibadilisha mteja hahitaji kuchana daftari. Linux ilianza kuitumia kwenye toleo la 4.14, Novemba 2017, na ilikuja wakati mzuri ajabu kwasababu miezi miwili baadaye ikatangazwa Meltdown, udhaifu wa kiusalama wa prosesa, na keneli ikalazimika kuwa na majedwali mawili kwa kila programu, la mtumiaji na la keneli, kwahiyo CR3 inabadilishwa kila ukiingia na kutoka kwenye keneli. Bila PCID hiyo kinga ni mzigo kweli kweli. Kwa kila koa Linux inakumbuka programu 6 za mwisho, na ikiandika CR3 inawasha biti ya 63 kumwambia prosesa asifute.

Kwahiyo fanya hivi: grep pcid /proc/cpuinfo. Kama upo kwenye mashine pepe na haipo, kuna uwezekano mkubwa prosesa halisi inayo ila aliyetengeneza mashine pepe alichagua aina ya prosesa ya kizamani. Badilisha aina tu. Nimeshaona mtu anataka kununua seva mpya kwa tatizo la mstari mmoja kwenye mipangilio. Alafu soma /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/meltdown, ikisema Not affected basi ile gharama ya majedwali mawili hulipi kabisa.

Na tukiwa kwenye mashine pepe, jua kwamba safari ya majedwali huko ni ndefu mara kadhaa, manake kila anwani ambayo mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) anadhani ni halisi nayo inabidi itafsiriwe na mwenyeji. Ngazi nne kwa nne inaweza kufika usomaji 24. Ukiweka peji za MiB 2 pande zote mbili inashuka hadi 15. Ukiweka upande mmoja tu umefanya nusu ya kazi, TLB itahifadhi ukubwa wa ile ndogo.

Sasa ndo tufike kwenye msimbo wenyewe. Ukiwa ndani ya keneli na una pointa ya kmalloc(), mgawaji memori wa kawaida wa keneli, kugeuza kuwa anwani halisi hakuhitaji kutembelea jedwali lolote, ni kutoa tu, kwasababu hiyo memori iko kwenye ile ramani ya moja kwa moja. Ugumu kidogo ni kwamba msimbo wa keneli yenyewe umechorwa sehemu nyingine, kuanzia 0xffffffff80000000, kwahiyo __pa(), ambayo ndo inageuza pointa kuwa anwani halisi, lazima ijue imepewa ipi kati ya hizo mbili. Angalia walivyofanya kwenye page_64.h:

unsigned long y = x - __START_KERNEL_map;
x = y + ((x > y) ? phys_base : (__START_KERNEL_map - PAGE_OFFSET));

Hii mimi ilinichukua muda kuielewa, nikaielewa nikacheka. Wanatoa kwanza bila kuuliza. Kama x ilikuwa juu ya mpaka (__START_KERNEL_map), y inakuwa ndogo kuliko x kama kawaida, ongeza phys_base umemaliza. Kama x ilikuwa chini ya mpaka, hesabu inazunguka kupita sifuri na y inatokea kubwa kuliko x, hapo unaongeza ile tofauti nyingine na jumla yake inakuwa x kutoa PAGE_OFFSET (mwanzo wa ramani ya moja kwa moja), jibu sahihi. Ule ulinganisho unatoka bure kwenye biti ya kukopa iliyobaki baada ya kutoa, kompaila haina haja ya kulinganisha tena. Ukiwa na hii mkononi sijui unataka kuboresha nini zaidi.

Vivyo hivyo pfn_to_page(), inayotoka kwenye namba ya peji kwenda kwenye struct page yake, ni kujumlisha tu, kwasababu struct page zote (rekodi ya keneli kwa kila peji) zimepangwa mfululizo kwenye safu moja pepe, na kwa kawaida kila moja ni baiti 64, ambayo inafanya kurudi nyuma kuwe ni kutoa na kusogeza biti.

Panapoanza gharama ni vmalloc() na vmap(), zinazofanya peji zilizotawanyika zionekane mfululizo. Pointa zake hazipo kwenye ramani ya moja kwa moja, ukizipa __pa() unapata takataka bila onyo, labda uwe umewasha CONFIG_DEBUG_VIRTUAL, na washa ukiwa unatengeneza. Hizo lazima vmalloc_to_page(), ambayo inatembelea majedwali kwa programu, hatua kwa hatua. Kama unaiita ndani ya lupu ya kila pakiti tatizo sio kasi yake, tatizo ni wewe kuiita hapo. Na kama anwani inaenda kwa kifaa usitumie hata __pa(), tumia dma_map_single() na wenzake, manake kati ya kifaa na memori kunaweza kuwa na IOMMU yenye majedwali yake na kidaftari chake, kifaa kinataka anwani ya kwake.

Kwenye moduli yangu nilichofanya mwishoni kilikuwa kifupi kuliko yote niliyojaribu. Nilitoa vmap kabisa, bafa nikazichukua kwenye page_pool ambayo inazichora kwa kifaa mara moja zinapozaliwa na kuzizungusha zikiwa bado zimechorwa, na anwani ya kifaa inabaki imehifadhiwa pamoja na peji, kwahiyo kwa kila pakiti hakuna kuchora, hakuna kuchorua, hakuna kutembelea. Nikasoma /proc/interrupts mara mbili nikiwa nimeimwagia pakiti, mstari wa TLB ukawa umesogea kidogo tu kwa sababu za watu wengine. Kile kifanksheni cha wiki mbili kilikuwa na mistari 140, na hakikuwa na wa kukiita tena, nikakifuta.